RTX 3060 ya GB 12: Kadi ya Grafiki Ikae Muda Gani Kabla ya Kubadilishwa?

Kadi ya RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12 ilipotolewa na Nvidia mnamo Februari 2021, kwa bei ya dola 329, haikupokelewa kwa vigelegele. Ilitoka wakati wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wakinunua kila kadi iliyoonekana sokoni, kwa hiyo bei hiyo ilibaki kwenye karatasi tu, na wengi wetu hapa Nairobi tuliishia kuitazama kwenye picha. Bei zilianza kulegea mwaka wa 2022, hasa baada ya tarehe 15 Septemba mwaka huo, Ethereum ilipoachana na uchimbaji unaotumia kadi za grafiki. Hapo ndipo kadi hii ilipoanza kufika mikononi mwa wachezaji wa kawaida. Yangu ilinunuliwa katika kipindi hicho, na tangu hapo imekaa katika kompyuta ya nyumbani, ikichezesha gemu na kufanya kazi kidogo ya kuhariri video.

Kizazi cha 40 kimekuja, kizazi cha 50 kikafuata, na kila kinapotangazwa kipya huulizwa na vijana ninaocheza nao kwa nini sibadilishi, na kwa jumla mtu abadilishe kadi yake kila baada ya muda gani. Hukumu yangu naitoa mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aendelee na shughuli zake: mchezaji mwenye monita ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080) na kadi ya daraja la kati hana sababu ya kubadilisha kabla ya miaka minne kwisha, na ikiwa kadi hiyo ina kumbukumbu ya kutosha, anaweza kufika miaka sita bila kujinyima jambo la maana. RTX 3060 ya GB 12 ni ushahidi mzuri wa hilo, na kwa maoni yangu siku yake ya kubadilishwa bado haijafika.

Ratiba ya Nvidia yenyewe inajulikana. Kizazi cha GTX 10 kilitoka mwaka wa 2016, RTX 20 mwaka wa 2018, RTX 30 mwaka wa 2020, RTX 40 mwaka wa 2022 na RTX 50 mwanzoni mwa 2025. Ni takriban miaka miwili kwa kila kizazi, na anayefuata mwendo huo atajikuta dukani kila anapomaliza kuzoea alichonunua. Tatizo ni kwamba katika daraja la kati, ambako ndiko wengi wetu hununua, hatua kutoka kizazi kimoja hadi kingine imekuwa fupi. RTX 4060, iliyotoka Juni 2023 kwa dola 299, ina viini vya kukokotoa 3,072 ilhali 3060 ina 3,584. Njia yake ya kumbukumbu ni ya biti 128 badala ya 192. Na kumbukumbu yenyewe imepunguzwa kutoka GB 12 hadi GB 8. Pamoja na hayo yote bado inaishinda 3060 kwa takriban asilimia 15 hadi 20 katika 1080p, kwa sababu viini vyake vinakimbia kwa kasi zaidi na hifadhi yake ya ndani, ile inayoipunguzia kadi safari za kwenda kwenye kumbukumbu, imepanuliwa kutoka MB 3 hadi MB 24. Ni uhandisi mzuri, sikatai. Lakini asilimia 20 maana yake ni kwamba gemu iliyokuwa ikitoa fremu 60 kwa sekunde sasa inatoa 72, na kama monita yako ni ya Hz 60, yaani inaonesha picha 60 tu kwa sekunde, kama zilivyo nyingi zinazouzwa mitumba mjini, hizo 12 za ziada hutaziona kabisa.

RTX 5060, iliyofuata Mei 2025 kwa bei ileile ya dola 299, inasogea mbele zaidi. Mwenye 3060 atakayeihamia ataona tofauti, hasa akiwa na monita ya Hz 144. Hata hivyo imebaki na GB 8 za kumbukumbu, na jambo hilo linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloamua umri wa kadi kuliko jambo lingine lolote.

Kumbukumbu ya kadi ndiko kunakowekwa sura za vitu vyote unavyoviona: ngozi ya mhusika, matofali ya ukuta, majani, magari, pamoja na hesabu za mwanga na vivuli. Watengenezaji wa gemu kubwa huzipima gemu zao kwa mashine za sebuleni, kama PlayStation, kwanza. PS4, iliyotoka Novemba 2013, ilikuwa na GB 8 zilizogawanywa kati ya prosesa na picha. PS5, ya Novemba 2020, ina GB 16 zinazogawanywa vivyo hivyo. Kwa miaka kadhaa baada ya 2020 gemu nyingi ziliendelea kutolewa kwa mashine zote mbili, na kadi za GB 6 na GB 8 zikaendelea kupumua. Kuanzia karibu 2023, gemu zilipoanza kuiacha PS4 nyuma, malalamiko yakaanza. Toleo la kompyuta la The Last of Us Part I, la Machi 2023, liliwasumbua sana wenye kadi za GB 8 wakati wa uzinduzi, wakalazimika kushusha ubora wa sura za vitu hadi marekebisho yalipokuja. Wenye 3060 ya GB 12, kadi iliyo polepole kuliko nyingi za wale waliokuwa wakilalamika, walikuwa na nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo saa ninayoitazama mimi ni ile ya mashine za sebuleni, ambayo hupiga baada ya miaka saba hivi. Anayenunua kadi yenye nguvu inayokaribiana na mashine ya wakati wake, na yenye kumbukumbu inayolingana na sehemu ambayo mashine hiyo huitengea picha, amejinunulia utulivu wa muda mrefu. Kwa nguvu, 3060 haiko mbali na PS5. Kwa kumbukumbu, imeshiba.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wakaguzi wa Marekani na Ulaya huugusa kwa haraka, lakini hapa kwetu ni mkubwa. Kompyuta nyingi zinazogeuzwa za kuchezea gemu Nairobi zilianza maisha zikiwa mashine za ofisi, zile ambazo wauzaji wa Moi Avenue huziita ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ubao mkuu wa mashine hizo mara nyingi ni wa PCIe 3.0, toleo la zamani la njia zinazoiunganisha kadi na kompyuta. Sasa, RTX 4060 na RTX 5060 zinatumia njia nane tu za PCIe, wakati 3060 inatumia njia 16. Mradi kumbukumbu ya kadi haijajaa, tofauti hiyo ni ndogo mno kuhangaishwa nayo. Ikijaa, kadi hulazimika kuvuta data kutoka kwenye RAM ya kompyuta kupitia njia hizo, na kwenye ubao wa zamani njia nane zinakuwa na nusu ya upana ambao kadi ilitengenezewa au hata chini ya hapo. Matokeo yake huonekana hivi: wastani wa fremu unaonekana mzuri pale pembeni ya skrini, lakini kila unapopinda kona picha inakwama kidogo, kisha inakimbia, kisha inakwama tena, au ukuta unabaki na ukungu mpaka uusogelee. Mtu huyu atadhani kadi yake mpya ni mbovu, ilhali kadi ni nzima na kompyuta ni nzima, ila viwili hivyo havikufaa kuoanishwa.

Mashine hizo za ofisi zina kikwazo kingine, nacho ni pawasaplai. Nyingi huja na wati 180 hadi 300, hazina waya wa ziada wa kuilisha kadi, na viunganishi vyake ni vya kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuchomoa na kuweka nyingine ya kawaida bila kibadilishi. RTX 3060 hutumia hadi wati 170 na inahitaji waya huo. Kwa mwenye OptiPlex ndogo isiyobadilishika, kadi ya maana ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ambayo hutumia wati 70 na kujilisha kutoka kwenye ubao mkuu pekee. Si kadi ya kujivunia, na ni lazima utafute toleo fupi linaloingia katika sanduku jembamba, lakini haitakulazimisha kununua kompyuta nzima.

Katika matumizi ya kila siku, 3060 yangu inacheza Counter-Strike 2 na gemu za mpira za EA Sports bila kutoa jasho. Cyberpunk 2077, ambayo tangu 2020 imekuwa gemu ya kuzipimia kadi nguvu, inakwenda vizuri kwa 1080p na mipangilio ya juu ikiwa hesabu ya miale ya mwanga (ray tracing), ile inayoiga mwanga halisi, imezimwa. Ukiiwasha miale hiyo, lazima uwashe na DLSS, ile teknolojia inayochora picha kwa udogo kisha kuikuza kwa msaada wa akili bandia. DLSS inastahili kutajwa katika hesabu ya umri wa kadi. Nvidia iliiboresha Januari 2025, na sehemu ya kukuza picha ya toleo hilo jipya ilipelekwa kwa kadi zote za RTX, hata zile za 2018. Hivyo kadi ya zamani iliongezewa maisha bila mwenyewe kutoa hata shilingi. Uzalishaji wa fremu za ziada umefungiwa kadi za kizazi cha 40 na 50, ila FSR 3 ya AMD, mshindani wa Nvidia, iliyotoka Septemba 2023, hufanya kazi inayofanana na hiyo hata kwenye kadi za Nvidia, pale ambapo gemu yenyewe imeikubali. Binafsi siipendi sana; mwendo wa picha huwa laini, lakini panya huchelewa kidogo kutii, na katika gemu za kurushiana risasi kuchelewa huko kunakera.

Nikiwa bado hapo kwenye gemu za mtandaoni, niseme kwamba kadi mpya haitakupunguzia ping, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Seva za Counter-Strike 2 zilizo karibu nasi ziko Johannesburg na Dubai, na nyaya za chini ya bahari hazijali una kadi gani. Nimeona watu wakiongeza pesa kwa ajili ya kadi wakati shida yao ilikuwa waifai inayopita kuta tatu.

Vilevile kuna watu ambao kadi yao haina kosa, kosa liko kwa prosesa. Kupima ni rahisi na ni bure. Fungua gemu inayokusumbua, simama mahali pamoja, tazama idadi ya fremu, kisha shusha ubora wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikilemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayokuchelewesha, na kadi mpya itakaa ikiisubiri. Mwenye Core i5-6500, prosesa ya 2015 yenye viini vinne ambayo imejaa katika mashine za ex-UK, atakutana na hali hii katika gemu nyingi za miaka ya karibuni. Huyo asiongeze kadi kwanza. Abadilishe mashine, ahamishe kadi aliyo nayo.

Tuje kwenye pesa. Bei za kadi hupangwa kwa dola, na sisi tunalipa kwa shilingi, kwa hiyo wakati wa kununua una uzito sawa na kadi unayonunua. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160; kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na imekaa hapo kwa muda mrefu. Kadi ya dola 299 kwa kiwango cha kwanza ni shilingi 47,840. Kwa kiwango cha pili ni shilingi 38,571. Hiyo ni kabla ya VAT ya asilimia 16, kabla ya usafirishaji na ada nyingine za kuingiza bidhaa, na kabla ya faida ya mwenye duka. Aliyekuwa na haraka Januari alilipa zaidi ya shilingi 9,000 kwa ajili ya kiwango cha dola pekee, na kadi aliyoipata ni ileile. Kwa sababu hii sipendi kanuni ya "kila baada ya miaka miwili": inakufunga ununue hata pale shilingi inapokuwa taabani.

Wauzaji wana hesabu yao wanayopenda kuitumia, ya kuleta kadi ya zamani na kuongeza kidogo. Tuseme unaongeza shilingi 25,000 kila baada ya miaka miwili. Hiyo ni 12,500 kwa mwaka, na kila mara unapata hatua fupi ambayo huenda usiihisi. Tuseme badala yake unakaa miaka mitano, kadi yako inashuka thamani, na unalazimika kuongeza 40,000. Hiyo ni 8,000 kwa mwaka, na siku unapobadilisha unaiona tofauti bila kuhitaji mtu akuoneshe kwa grafu. Hesabu hii huvunjika tu kwa mtu anayenunua kadi za bei ya juu kabisa na kuziuza wiki chache kabla kizazi kipya hakijatangazwa, zikiwa na sanduku na risiti na dhamana. Watu hao wapo mjini, wanaifahamu kazi yao, na hawahitaji ushauri wangu.

Hoja ya stima nayo husikika sana: kwamba 4060 inatumia wati 115 badala ya 170, hivyo itajilipa yenyewe kwa tokeni. Tuipime. Tofauti ni wati 55. Ukicheza saa tatu kila siku kwa mwaka mzima, utaokoa takriban yuniti 60; ukihesabu yuniti kwa shilingi 28, ni karibu shilingi 1,700 kwa mwaka. Kwa nyongeza ya shilingi 25,000 utasubiri zaidi ya miaka 14. Wati chache ni jambo jema kwa chumba kidogo chenye joto na kwa pawasaplai dhaifu, na mambo yaishie hapo.

Kwa anayeitafuta 3060 yenyewe kwa mkono wa pili, na bado naipendekeza kwa mwenye bajeti ndogo, kuna mtego mmoja wa kuangaliwa. Mwishoni mwa 2022 Nvidia iliruhusu toleo jingine liitwalo RTX 3060 vilevile, lakini lenye GB 8 na njia ya kumbukumbu ya biti 128. Ni polepole kuliko ile ya GB 12 kwa kiasi cha kuonekana, na inapoteza faida yote niliyoieleza hapo juu. Katika duka moja la ghorofani, mjini kati, niliwekewa hiyo ya GB 8 mezani baada ya kuulizia ya GB 12 kwa simu, nilipokuwa nikimtafutia kadi binamu yangu. Nilipouliza, kijana wa kaunta alinijibu, "Bosi, 3060 ni 3060, zote ni moja." Si moja. Geuza sanduku usome, na kama hakuna sanduku, iwashwe mbele yako.

Kuwashwa huko kusiwe kwa kuonesha tu kwamba picha inatokea. Mafundi wazuri wa Moi Avenue na Luthuli huwa na ubao ulio wazi juu ya meza, bila sanduku, kwa kazi hiyo hasa. Kabla kadi haijachomekwa, iombe mkononi uitazame chini ya taa: meno ya dhahabu yanayoingia kwenye ubao yasiwe yameungua wala kukwaruzwa vibaya, skrubu zinazokishikilia kipoza joto zisiwe zimelika vichwa, na pembeni mwa vidonge vya kumbukumbu kusiwe na mafuta yanayong'aa, ambayo hutoka kwenye pedi za joto zilizopikwa kwa muda mrefu. Kisha ichomekwe, na ufunguliwe GPU-Z, programu ya bure ambayo huonesha jina halisi la kidude cha ndani, ukubwa wa kumbukumbu na upana wa njia yake. Programu hiyo huzitambua kadi nyingi zilizobadilishwa jina, na hizo hazijakoma. RX 580 za AMD zenye herufi 2048SP, kwa mfano, kwa ndani ni sawa na RX 570. Baada ya hapo izungushwe kwa jaribio zito kwa robo saa hivi. Sogeza sikio: feni inayosugua ina sauti yake, kavu na yenye kurudiarudia. Muuzaji anayekataa robo saa hiyo kwa madai kwamba kuna wateja wanasubiri amekwisha kukujibu.

Kadi iliyochimba sarafu naichukua bila kinyongo ikiwa imepita majaribio hayo na bei yake imezingatia historia hiyo. Wachimbaji wengi walishusha umeme wa kadi zao ili kuokoa stima; kilichoteseka zaidi huwa ni feni na pedi, na hivyo vyote hubadilishwa.

Wapo hata hivyo ambao wakati wao umefika kweli. Mwenye GTX 1060, kadi ya Julai 2016 iliyotumika sana katika jiji hili, hana tena draiva mpya za gemu, yaani programu inayoiendesha kadi: Nvidia ilifunga ukurasa huo kwa kizazi cha GTX 10 mnamo Oktoba 2025, na kilichobaki ni masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Pili, kuna gemu ambazo sasa hazifunguki bila kifaa cha miale ya mwanga ndani ya kadi. Indiana Jones and the Great Circle, ya Desemba 2024, ndivyo ilivyo, na Doom: The Dark Ages, ya Mei 2025, vivyo hivyo. Sharti hilo linawagusa pia wenye GTX 1660 Super na RX 580, ingawa kadi hizo bado zina nguvu kwa gemu za zamani. Hapa ndipo ninapochora mstari: kadi kutoa fremu 50 badala ya 60 si sababu ya kununua nyingine, kwa kuwa mipangilio ipo na inashushwa; lakini kadi kukataliwa na gemu unayotaka kuicheza, au kuachwa na draiva, ni sababu. Mtu wa namna hii akihamia 3060 ya GB 12 ya mkono wa pili atakuwa amepiga hatua kubwa kwa pesa za wastani.

Kwa mwenye 3060 tayari, anayetaka kuhamia monita ya 1440p na hawezi kungoja, sioni kadi ya GB 8 yoyote inayofaa kuitwa hatua ya mbele. Kurudi nyuma kwa kumbukumbu ukienda mbele kwa kasi ni biashara mbaya. Ninazoziona ni mbili: RTX 5060 Ti ya GB 16, iliyotangazwa Aprili 2025 kwa dola 429, na RX 9060 XT ya GB 16, ya Juni 2025 kwa dola 349. Ya pili inatumia njia 16 za PCIe, hivyo inawafaa zaidi wenye ubao wa zamani. Zote mbili zina ndugu wa GB 8 wenye jina lilelile, kwa hiyo yale niliyosema kuhusu kusoma sanduku yanarudi palepale. Arc B580 ya Intel, yenye GB 12, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249, ni rahisi kuvutiwa nayo, ila inategemea ubao mkuu unaoruhusu Resizable BAR, mpangilio unaoiwezesha prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja. Bila hiyo inapoteza kasi nyingi, na mashine nyingi za ex-UK hazina.

Wengine watabaki nayo, kama mimi, na kwao kilichosalia ni matunzo. Nairobi ni mji wa vumbi, na kwa kuwa uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa, hivyo feni huzunguka zaidi kwa kazi ileile. Nilipoifungua kadi yangu mara ya mwisho, nafasi kati ya mapezi ya kipoza joto zilikuwa zimezibwa na blanketi la kijivu ambalo liling'oka likiwa kipande kimoja kwa ncha ya brashi, na pesti ya joto juu ya kidude ilikuwa imekauka kiasi cha kubanduka kwa ukucha. Baada ya kusafisha na kupaka pesti mpya, joto lilishuka na kelele za feni zikapungua hata watu wa nyumbani wakagundua. Stabilaiza au UPS nayo si anasa mahali ambapo stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Feni ikifa, usikubali kuambiwa kwamba kadi imekwisha: feni za 3060 hupatikana, lakini hutofautiana baina ya MSI, Gigabyte, Asus na Zotac kwa ukubwa na kwa idadi ya pini, kwa hiyo piga picha namba iliyobandikwa mgongoni mwa feni yenyewe kabla hujaondoka nyumbani kwenda kwa fundi.